Ni Mimi Niliyechezea Saa ya Kengele, na Hakuna Anayeniamini

Nyinyi hamnijui. Ndiyo sababu nawaandikia.

Wanaonijua wamekataa kunisikiliza. Nimewaambia karibu wote, na wote wamecheka. Basi nimeona afadhali niseme kwa watu ambao hawajawahi kuniona nikitembea kwa mikono mbele ya mwalimu wa Biblia.

Nilikosa. Nilikosa vibaya sana, na kosa langu linabebwa na mtu mwingine!

Niko Fomu Tatu katika shule moja ya bweni huku juu Dundori, ambako baridi inaingia kitandani na wewe na kuvuta blanketi upande wake. Shule siitaji. Jina langu silitaji, wala lile la utani, maana nikiliandika tu, nusu ya wilaya itasema, "Ah, yule!" na kuanza kucheka kabla ya kusoma. Rafiki yangu nitamwita Ndung'u. Si jina lake.

Lazima kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani, la sivyo hamtaelewa nilivyojifungia mlango mwenyewe.

Mimi ndiye yule wa mzaha. Kila shule inaye mmoja. Hedimasta akiuliza kwenye asembli, "Nani amevunja dirisha la maabara?" mkono wangu uko juu tayari.

"Ni mimi, mwalimu. Na lile shimo kubwa la mlima Menengai pia ni mimi niliyelichimba."

Shule nzima chini kwa kicheko! Hata hedimasta mwenyewe alikuwa akigeuza uso ili asionekane meno. Nilikuwa nikiungama kila kitu. Sukari ikiibwa jikoni, ni mimi. Mvua ikikosa, ni mimi. Nilidhani hiyo ni sifa. Kumbe nilikuwa nikitumia neno "ni mimi" mpaka likaisha.

Sasa Ndung'u. Kwao ni hapo chini tu ya shule, ng'ambo ya mashamba ya viazi. Mama yake ana ng'ombe wa maziwa na hana mume. Ndung'u aliposhinda mtihani wa msingi na karo kukosekana, hedimasta alimwambia, "Njoo usome, lakini utatumikia shule." Akapewa kengele. Alfajiri anatuamsha, vipindi anabadilisha, usiku anatulaza. Kengele yenyewe ni rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye mti, unaigonga kwa kipande cha chuma na mlio wake unashuka bonde lote.

Kengele ndiyo iliyokuwa karo yake. Akipoteza kengele, amepoteza shule. Hilo nililijua tangu Fomu Wani, siwezi kujifanya sikujua.

Zamani alikuwa akitumia saa ya kutia ufunguo, kubwa kama sufuria, ambayo baridi ikizidi ilikuwa inachelewa kama sisi. Halafu muhula uliopita akaja Bwana Virji.

Bwana Virji ni mfanyabiashara wa Nakuru mjini, ndiye anayetuletea unga na maharagwe. Alikuwa amesafiri ng'ambo, akarudi na zawadi ya shule. Hedimasta aliiinua juu kwenye asembli kama kikombe cha mpira. Ilikuwa saa ya mkononi, lakini uso wake mweusi tititi, kama miwani ya jua. Hakuna mshale hata mmoja. Unabonyeza kitufe ubavuni, namba nyekundu zinawaka kama makaa, unasoma, zinazima. Hata zikizima, ndani inaendelea kuhesabu.

"Hii si saa," hedimasta alisema. "Hii ni kompyuta ndogo ya kuvaa mkononi. Haitiwi ufunguo, haichoki, haikosei!"

Bwana Virji alikuwa akijaribu kusema kitu nyuma yake. Mimi niko mstari wa mbele, nilimsikia. "Mwalimu, lakini maji hapana. Na kubonyeza pole pole, kila mara inakula betri."

Makofi yalimfunika. Saa ikafungwa kwenye mkono wa Ndung'u, ule mkono mwembamba wa kukamua ng'ombe, na Ndung'u akatembea siku nzima ameuinua kidogo kama mtu aliyevunjika mfupa.

Jameni, saa ile ilitawala shule! Mwalimu wa fizikia alimwita Ndung'u aje kupima bembea ya uzi. Mwalimu wa michezo alimsimamisha mwisho wa mbio. Hata mpishi alikuwa akimwita aje kuangalia uji. Walimu wote wakaanza kurekebisha saa zao kwa ile. Mwalimu mmoja tu, wa jografia, mwenye redio, alikuwa mbishi. Hedimasta alimwambia mbele yetu, "Mwalimu, kati ya kompyuta na hiyo redio yako iliyofungwa kwa kamba, nani anafaa kumfuata mwenzake?"

Nililisikia hilo. Na kichwa changu kibovu kikaanza kufanya kazi.

Niliona hivi: saa ya mishale ikikosea, kila mtu anaiona. Hii haionekani. Iko giza mpaka uibonyeze, na ukiibonyeza unaiamini. Kwa hiyo atakayeishika saa ile, ameshika shule.

Na kengele ya alfajiri, ndugu zangu! Hamjui maana ya kunawa uso na maji ya bomba ya Dundori kabla jua halijatoka. Nilisema nitawapa wenzangu usingizi kidogo. Kidogo tu. Nilijiona kama mfadhili!

Nafasi ilikuja kila Jumatano jioni, siku yetu ya kufua. Saa ile haitaki maji, kwa hiyo Ndung'u alikuwa akiivua kabla ya kuloweka nguo. Na alikuwa akimpa nani? Mimi. Siku zote mimi.

"Ishikilie hii," alikuwa akisema. "Na usiibonyeze bonyeze. Wewe nakujua."

"Mimi? Mimi ni benki, bwana."

Chini ya kile kitufe kikubwa kulikuwa na tundu dogo. Nilitia ncha ya bikari, ile ya seti ya hesabu, namba zikaanza kukimbia. Zilikuwa zinakwenda mbele tu, hazijui kurudi nyuma, kwa hiyo ukitaka kuchelewesha saa lazima uzizungushe mpaka zirudi kwa mlango wa nyuma. Nilizizungusha, nikaziacha zikiwa nyuma kidogo. Kicheko kimenijaa shavuni. Nilimrudishia Ndung'u saa, akaifunga, akanishukuru.

Alfajiri ile tulilala zaidi. Hakuna aliyejua! Walimu walipoona saa zao ziko mbele, wakazirudisha. Mwalimu wa jografia akapiga kelele peke yake, akachekwa. Jumatano iliyofuata nikaongeza. Na nyingine nikaongeza tena, mpaka tukawa nyuma kama nusu saa hivi. Nilikuwa nalala nikitabasamu.

Sasa sikieni nilichokuwa sikijui. Au nilikijua, lakini sikukikumbuka, maana mimi kwetu ni mjini, maziwa nayajua yakiwa kwenye chai.

Akina mama wa bonde lile hawana saa. Saa yao ni kengele yetu. Wanaamka na giza kukamua, na rimu ikilia wanajua sasa wabebe mikebe wapande barabarani, kwa sababu lori la maziwa halikawii kufika. Na dereva wa lori hangoji mtu. Anasimama, anapakia mikebe iliyopo kwenye kibanda cha maziwa barabarani, anaondoka. Imekuwa hivyo tangu mashamba yalipogawiwa. Hakuna aliyeandika popote. Shule haijui kwamba inawaamsha ng'ombe.

Jumatano moja tuko bombani, Ndung'u anavua saa, uso wake umekunjamana.

"Una nini wewe?"

"Mathe," akasema, ndivyo anavyomwita mama yake. "Lori limewaacha tena, yeye na wenzake. Wiki hii karibu kila siku. Wanafika kibandani wanakuta vumbi tu. Jana wamewapa mbwa maziwa."

"Dereva mbaya huyo," nikasema. Mdomo wangu ulisema peke yake!

"Wanasema anakuja mapema siku hizi. Mathe anasema chama cha maziwa kikiendelea kukosa mikebe hapo, lori halitasimama tena. Sijui watauza wapi." Halafu akanipa saa. "Ishike vizuri."

Ikawa nzito mkononi kama jiwe la kusagia.

Mngefanya nini nyinyi? Mtu mwenye akili angesema hapo hapo, "Ndung'u, ni mimi." Tulikuwa wawili tu, sabuni na maji. Angenipiga, angenitukana, yakaisha. Lakini mimi nikajiambia, kwa nini niseme? Nitarudisha saa sawa kimya kimya, kesho kengele italia mapema, lori litapata maziwa, na hakuna atakayejua kulikuwa na kitu. Nilitaka kutoroka na ile sifa yangu ya mtu mzuri.

Nikaenda nyuma ya bweni na bikari yangu. Nikatia ncha. Namba zikawaka, zikakimbia. Kwa haraka nikapitiliza. Nikazungusha tena mzunguko mzima. Nikapitiliza tena! Nyekundu ikaanza kufifia, ikawa rangi ya kutu. Nikabonyeza kwa nguvu, kana kwamba nguvu zangu zingeingia ndani. Ikawaka kidogo, kama jicho la mgonjwa. Halafu giza.

Nilibonyeza tena. Giza.

Nilipuliza. Niliisugua kwenye sweta. Niliipasha moto kwapani. Nilisali, mimi! Giza.

"Leta saa!" Ndung'u akaita kutoka bombani.

Nikaipeleka. Uso wake siku zote ulikuwa mweusi, hai au maiti sura ni ile ile, kwa hiyo hakuona tofauti. Akaifunga mkononi mwake. Hakuibonyeza, maana yeye ni mtu wa kutii, aliambiwa abane betri. Jioni ile, kama kila jioni, kengele ya chakula na ya kulala ilipigwa kwa saa ya mwalimu wa zamu ili betri isiishe. Nami nikala ugali wangu.

Alfajiri Ndung'u aliamka kama kawaida yake, akabonyeza, akakuta giza. Baadaye wenzangu walioamka mapema waliniambia alisimama chini ya ile rimu akiibonyeza na kuitikisa, akiogopa kumwamsha hedimasta, akiogopa kupiga kengele mapema, akiogopa kuchelewa. Mwishowe alibahatisha. Alipiga wakati kulikuwa kumepambazuka kabisa, na ndege wamekwisha sema yao.

Hatujamaliza kunywa uji, tukaona akina mama wakiingia getini.

Walikuja na mikebe mgongoni. Hawakupiga kelele. Waliitua mikebe mbele ya ofisi, mstari mmoja, wakafungua vifuniko ili harufu ya maziwa ya jana yaliyochacha iseme. Mama Ndung'u alikuwa wa pili. Alimwona mwanawe na hakumsalimu.

Mama mmoja mnene akasema, "Mwalimu, hatukuja kugombana. Tumekuja kuuliza tu. Kengele yenu imekuwa nini?"

Hedimasta akacheka kidogo. "Mama, kengele yetu sasa inapigwa kwa kompyuta. Haiwezi kukosea."

"Basi kompyuta yako inywe haya maziwa."

Hapo mwalimu wa jografia akaleta redio yake. Ilikuwa inasema saa nyingine kabisa. Hedimasta akageuka, akaushika mkono wa Ndung'u, akabonyeza. Akabonyeza tena. Sisi wote tunatazama kile kioo cheusi.

"Umeitia maji?"

"Hapana, mwalimu."

"Umeichezea?"

"Hapana, mwalimu. Sijawahi."

"Kwa hiyo imekufa lini? Umekuwa ukitupigia kengele ya kubahatisha siku ngapi? Ulikuwa unalala, sivyo? Unalala, na mama yako mwenyewe anamwaga maziwa!"

Ndung'u alimtazama mama yake. Mama yake alitazama mkebe.

Nikainua mkono. Naapa niliinua mkono!

"Ni mimi, mwalimu."

Mnajua kilichotokea? Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu mwingine. Halafu shule nzima, na akina mama wanashangaa watoto gani hawa. Nikapiga kelele, "Ni kweli! Nimeirudisha nyuma kwa bikari!" Ndiyo kwanza wakazidi. Mmoja akaita, "Na Menengai je?"

Hedimasta hakugeuza uso safari hii. Alinivuta ofisini kwa sikio. Nikamwambia yote, tundu, bikari, Jumatano. Akanipa saa. "Haya nionyeshe." Nikatia ncha. Nini kingewaka? Betri imekufa! Nilikuwa nikichokoa kioo cheusi kama kichaa.

"Kuna siku za mzaha," akasema taratibu, "na kuna siku kama leo. Unamfanyia mzaha mama wa mwenzako anayemwaga maziwa?" Nikachapwa. Nilichapwa kwa kusema uongo, mara ya kwanza nimesema kweli!

Siku ya Ijumaa Ndung'u, kengele amenyang'anywa, alikunja godoro lake akarudi kwao.

Likizo ya katikati ya muhula nilikwenda dukani kwa Bwana Virji, Nakuru. Nilikuwa na tumaini moja limebaki. Nilidhani mashine ya namna ile lazima inaweka kumbukumbu ndani, kwamba betri mpya ikitiwa itasema yenyewe, huyu alinichezea siku fulani. Saa hedimasta alikuwa amemrudishia, iko pale kwenye kabati la kioo, imelala juu ya pamba.

"Betri hii Nakuru hakuna," akasema. "Hata Nairobi sijui. Mpaka mtu wangu asafiri."

"Na ikipatikana, itakumbuka?"

"Itakumbuka nini, kijana?"

Nikamweleza. Hakucheka, yeye peke yake hakucheka, lakini alitikisa kichwa. "Saa ya mishale ikifa, unaona imefia wapi. Hii ikifa, haisemi kitu. Ukitia betri inaanza upya kama mtoto mchanga. Mimi nakuamini, lakini mimi si mwalimu wako."

Nikamwomba amwandikie hedimasta. Akaniuliza, "Niandike nini? Kwamba nimesikia kwako?"

Nikaona kweli. Nikarudi.

Amebaki Ndung'u mwenyewe. Nilijiambia yeye atanijua, yeye ananijua kuliko wote. Nilishuka mpaka kibandani asubuhi moja. Alikuwa amekaa juu ya mkebe, amevaa koti la mama yake, anangoja lori. Siku hizi kazi ya kupeleka maziwa ni yake.

"Sasa," nikamsalimu.

"Sasa. Umetoroka shule?"

"Ndung'u, ile saa. Ni mimi niliyeichezea. Kila Jumatano ukinipa. Nilitaka tulale zaidi."

Nikajikaza ningoje ngumi. Niliitaka ile ngumi, jameni!

Akatabasamu. Halafu akacheka kabisa, akanipiga bega.

"Wewe mtu! Nimesikia ulichapwa kwa sababu yangu. Uliinua mkono mbele ya hedimasta ili unitoe. Hakuna mwingine aliyejaribu. Mathe anakuombea kila siku."

"Ndung'u, si mzaha."

"Najua, najua. Nenda, utachelewa. Yule mpya anapiga kengele sasa hivi." Na kweli, rimu ikalia juu kilimani, kwa ile saa ya zamani kama sufuria. Ndung'u aliinua kichwa, akasikiliza, na niliona mkono wake wa kulia umekunja vidole, kana kwamba umeshika kile kipande cha chuma.

Lori likaja. Akapakia. Nikarudi darasani.

Sina mahali pengine pa kwenda. Nikimwambia tena atanishukuru tena, na mama yake ataniombea tena, na mimi siwezi kuombewa zaidi ya hapo.

Basi nyinyi mnaosoma, hasa nyinyi wa shule. Kitu kama kile kikifika kwenu, cha kuvaa mkononi, kinachojua zaidi ya mtu na kisichoonyesha uso wake, msikichezee, hata kama kila mtu anakiamini. Hasa kama kila mtu anakiamini! Na nyinyi walimu, kikikosea, kiulizeni nacho, msimuulize yule mtoto aliyekivaa peke yake.

Na wewe uliye kama mimi, unayeinua mkono kila siku kwa kucheka, hifadhi neno moja la kweli. Siku moja utalihitaji.

Nimesema. Ni mimi. Si Ndung'u, si dereva, si kompyuta. Na kama hata wewe usiyenijua umecheka mahali fulani humu ndani, basi sijui tena nimwambie nani.